Saratani iliyokataa kupanda mlima: Stori ya Denis Burkitt, daktari wa jicho moja

Kama umewahi kurauka Nyeri mwezi wa saba, unaijua hiyo noma. Ukungu umeketi hadi Kamakwa, makanga wa matatu za Karatina wanaita watu wakiwa wamefunga maskafu hadi kwa mdomo, na maji ya mfereji yanauma vidole kama yana meno. Wasee wa Kisumu na Mombasa wakija huku wanatucheka vile tunavaa jaketi mbili.

Sawa, wacheke. Lakini kuna kitu walikuwa nacho ambacho sisi hatukuwa nacho, na si kitu cha kuonea mtu wivu. Ni saratani ya watoto. Ilitapakaa sehemu kubwa ya Uganda, ikazunguka Ziwa Victoria, ikajitokeza pwani, ikashuka kusini hadi Msumbiji. Ikifika nyanda za juu kama zetu, inasimama. Nyeri, Nanyuki, Nyahururu: karibu hakuna kitu. Ni kama mtu alichora laini kwenye mteremko akaiambia hapa hupiti.

Aliyeiona hiyo laini alikuwa daktari wa upasuaji mwenye jicho moja, bila maabara ya maana, akiendesha ndai kuukuu. Anaitwa Denis Burkitt. Ukienda kusomea udaktari popote duniani, jina lake utalipata kwenye kitabu, kwa sababu saratani yenyewe sasa inaitwa limfoma ya Burkitt. Na kilichotoka kwenye ile ramani yake kilikuja kufungua mlango wa karibu kila kitu tunachojua kuhusu virusi, kinga ya mwili na jeni kwenye saratani. Huku kwetu jina lake halitajwi sana, na ndio maana nimeketi kuandika hii.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, mji mdogo wa Ireland ya Kaskazini. Mzae wake alikuwa injinia wa barabara wa kaunti, lakini kitu kilichokuwa kinampa raha ni ndege. Alikuwa anashika robin, kale kandege ka kifua chekundu, anakavisha pete mguuni, anakaachilia, halafu anaandika ameonekana wapi. Mwisho wa siku alikuwa na ramani ya kila ndege na eneo lake. Majirani lazima walimwona ni kama ameruka akili. Shikilia hiyo ya ndege, tutairudia.

Akiwa na miaka 11 mambo yakaharibika. Watoto walikuwa wanarushiana mawe, moja likamgonga usoni, na jicho la kulia likaenda. Kijana akakua na jicho moja. Mwaka wa 1929 akaingia Trinity College, Dublin, kusomea uinjinia kama babake, halafu akabadilisha akahamia udaktari. Alimaliza 1935, na kufikia 1938 alikuwa amehitimu kama daktari wa upasuaji. Akajaza fomu ya kutafuta mboka ya udaktari kwenye makoloni, Afrika. Wakamkataa. Jicho.

Vita ikaja, na vita haina madharau kama ofisi. Jeshi la Uingereza lilimchukua 1941, na ndipo akaletwa huku. Alihudumu Kenya na Somalia, na Nairobi hakuwa mgeni kabisa, kwa sababu mjomba wake Roland Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji wa zamani sana hapo mjini. Vita ilipoisha, alijaribu tena kuomba mboka, na 1946 akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda.

Lira ilimpa zoezi la kwanza. Alikuwa anapasua mabusha kila wiki, na akaanza kuona kitu cha ajabu: wanaume wenye busha walikuwa wanatoka zaidi upande mmoja wa wilaya, upande ule mwingine ni wachache sana. Watu walewale, chakula kilekile. Daktari mwingine angekata, ashone, aende nyumbani. Huyu alichukua ramani akaanza kuweka alama. Ni babake na ndege zake, wameingia hosi.

Mwaka wa 1948 alihamishwa Mulago, Kampala. Na mwaka wa 1957, mwenzake Hugh Trowell akamwita wodini amwonee mtoto wa miaka kama mitano.

Mtoto alikuwa amefura uso wote. Si upande mmoja, kama jipu la jino. Taya la juu na la chini, kushoto na kulia, pande zote nne, meno yamelegea, uso umevimba hadi mathe wake mwenyewe angemtambua kwa shida. Burkitt hakuwa na jibu. Wiki chache baadaye alikuwa hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani akaona mama ameketi nje kwenye nyasi na mtoto mwingine, uso uleule. Akatoka mbio. Alipomgusa mtoto tumbo, akakuta uvimbe huko pia. Watoto hao wawili hawakuwa ndugu, hawakuwa hata wa mji mmoja. Akaelewa hii si bahati mbaya ya mtoto mmoja.

Ngoja kidogo hapa kwa huo mwaka. 1957 ndio mwaka Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti, mwezi wa pili. Huku Nyeri watu walikuwa bado wamefungiwa kwenye vile vijiji vya dharura, mitaro na vijiti vyenye ncha pande zote, na gava ya mkoloni ilikuwa inatuhesabu vichwa kila jioni. Burkitt alikuwa mtu wa gava hiyohiyo, analipwa nayo. Sisemi hivyo kumharibia jina. Nasema ujue ni dunia gani alikuwa anafanyia kazi, na ni nani alikuwa na ruhusa ya kuzunguka akiuliza maswali.

Alirudi Mulago akafungua mafaili ya zamani, na watoto wakaanza kutokea kwenye karatasi. Taya hapa, tumbo pale, jicho limetokeza nje kule. Kila mmoja alikuwa ameandikiwa jina tofauti la ugonjwa kulingana na sehemu iliyovimba. Hata Albert Cook, yule daktari wa misheni wa hospitali ya Mengo, alikuwa amechora watoto kama hao mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kumbe kitu kilikuwa mbele ya macho ya watu miaka hamsini. Wote walikuwa wameona watoto, hakuna aliyekuwa ameona ugonjwa mmoja. Halafu ikabidi msee wa jicho moja.

Aliandika ripoti 1958 kwenye jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza. Kimya. Wataalamu wa tishu pale Kampala, akina Jack Davies na Gregory O'Conor, ndio waliokaa na darubini wakaonyesha kwamba hii ni limfoma, yaani saratani ya seli za kinga, zile askari za mwili wenyewe. Kumbuka hilo pia.

Sasa Burkitt akauliza swali lake la siku zote: wapi? Akachapisha vikaratasi vyenye picha za watoto hao, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika. Umewahi kuona huu ugonjwa? Majibu yakaanza kurudi kwa posta, akawa anapiga pini kwenye ramani iliyokuwa ukutani. Pini zikatengeneza mkanda unaopita katikati ya Afrika, pande zote mbili za ikweta, na mkia unaoteremka upande wa mashariki kuelekea Msumbiji.

Ndani ya mkanda kulikuwa na mashimo. Sisi ndio tulikuwa mmoja wapo.

Kwa maoni yangu hapa ndipo akili ya huyu mtu inaonekana. Shimo kwenye ramani linaweza kumaanisha vitu viwili. Ama ugonjwa haupo, ama hakuna mtu wa kuuona. Nyanda za juu za Kenya zilikuwa ndio zimetoka kwa dharura, watu wamesambaratishwa, ungesema labda watoto walikuwa wanakufa vijijini bila kuripotiwa. Lakini fikiria ni ugonjwa gani. Uvimbe wa taya zote nne haujifichi, hauhitaji eksirei. Na huku mlimani hospitali za misheni zilikuwa zimejaa tangu zamani, aina ya Tumutumu pale Karatina, Mathari hapa Nyeri, Chogoria upande ule mwingine. Kama mtoto mwenye uso huo angekuwa anapatikana, daktari mmoja angekuwa amemwona na hangemsahau maisha yake yote. Kwa hivyo shimo lilikuwa jibu la kweli.

Lakini barua zina mwisho wake. Oktoba 1961 Burkitt aliamua kwenda mwenyewe. Walikuwa watatu: yeye, Ted Williams, daktari wa misheni kutoka Kuluva, West Nile, ambaye pia alikuwa fundi wa magari wa nguvu, na Cliff Nelson, daktari kutoka Canada. Ndai ilikuwa Ford ya mitumba iliyonunuliwa pauni 250. Wakaondoka Kampala wakielekea kusini hadi Johannesburg, na kurudi. Wiki kumi, maili 10,000, ambayo ni kama kilomita 16,000, nyingi zikiwa barabara za vumbi. Walipitia hospitali zaidi ya hamsini. Kila mahali ni mtindo uleule: piga hodi, toa picha, uliza, angalia rekodi, andika, Williams aingie chini ya gari, twende. Bajeti ya safari nzima ilikuwa pauni 678. Siku hizi kuna semina za hoteli Nanyuki zinakula zaidi ya hiyo kwa chai ya saa nne.

Walichotafuta hasa ni ukingo. Pale ugonjwa unapoishia. Na ukingo ukaanza kujitokeza. Karibu na ikweta, ukipanda zaidi ya futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi, watoto hao wanapotea. Kampala iko kwenye mita kama 1,200, wapo. Kisumu iko kwenye 1,130 hivi, wapo. Nyeri tuko juu ya 1,700, Nanyuki karibu 1,900, Nyahururu imepita 2,300. Hawapo.

Lakini walipozidi kwenda kusini, mbali na ikweta, laini ikaanza kushuka. Ilikuwa inashuka, inashuka, hadi kusini kabisa ugonjwa ukawa uko tu kwenye tambarare karibu na bahari. Kama ni urefu wa mlima pekee, mbona laini ibadilike? Aliyemfungua macho alikuwa Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu kwenye kituo cha utafiti wa virusi pale Entebbe. Haikuwa mwinuko. Ilikuwa joto. Ugonjwa ulikuwa unataka mahali ambapo baridi haishuki chini ya nyuzi 15 au 16 hivi, na mvua iwe ya kutosha. Na ukimwambia mtu wa wadudu joto pamoja na mvua, yeye anasikia neno moja tu. Mbu.

Kwa hivyo ile baridi yetu ya Julai, ile tunalaani tukienda daro asubuhi, ndiyo iliyokuwa inalinda watoto wa huku. Mbu wa malaria hakuwa anaipenda. Shuka hadi Mwea kwenye mpunga, mwendo wa saa moja na kitu, mbu wanakungoja na sahani.

Mwanzo walidhani mbu anabeba kirusi cha saratani moja kwa moja, vile anabeba homa ya manjano. Haikuwa hivyo. Gilbert Dalldorf, mtafiti Mmarekani aliyefanya kazi hapa Kenya mapema miaka ya 60, alikuwa kati ya wa kwanza kuonyesha kidole kwa malaria yenyewe: mahali malaria inapiga watoto mwaka mzima, ndipo limfoma hii iko. Kirusi, kama kipo, kilikuwa kinatoka kwingine.

Na kilikuwepo. Machi 1961, kabla ya ile safari, Burkitt alikuwa likizo Uingereza akatoa mhadhara hospitali ya Middlesex, London. Kati ya waliosikiza alikuwa kijana mtafiti wa virusi vya kuku, Anthony Epstein. Mwanzo alikuwa ameingia tu kuskia, lakini mhadhara haukuwa umeisha kabla hajajua atafanya nini na maisha yake. Wakapatana Burkitt awe anamtumia vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Entebbe. Karibu miaka mitatu Epstein alitafuta, hakuona kitu. Seli zilikuwa zinakufa.

Halafu Desemba 1963 ndege ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kifurushi kilichelewa. Kilipofika, maji ndani ya chupa yalikuwa yamechafuka, na mtu yeyote angemwaga akidhani ni bakteria. Wakaangalia kwanza. Zilikuwa seli hai, zimetikiswa njiani zikaachana na kile kipande, zinaelea fiti. Wakazikuza. Mapema 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaziweka chini ya darubini ya elektroni, na hapo wakaona kirusi. Ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu: Epstein-Barr. Ukungu tu, maze.

Pale Mulago watoto hawakuwa wanangoja kirusi. Kampala haikuwa na mashine ya mionzi, na kukata taya hakukusaidia. Watafiti wa New York wakaleta dawa za kemo zilizokuwa bado changa: methotreksati, saiklofosfamaidi. Burkitt alianza kuzitumia kwa dozi ndogo, maana hakuwa na maabara ya kumfuatilia mtoto kila siku. Na uvimbe ukaanza kuyeyuka. Si kwa miezi, kwa siku. Kuna watoto waliopewa dozi moja au mbili, wazazi wakawachukua wakaenda ocha, madaktari wakajua basi huyo ameenda kufia nyumbani. Miezi ikapita, mtoto anarudi akitembea, uso wake wa zamani umerudi.

Hiyo haikuwa kawaida. Dozi ndogo vile haiwezi kuua kila seli ya saratani, kwa hesabu yoyote. Kitu kingine kilikuwa kinamalizia kazi, na watu wakaanza kuuliza kama ni kinga ya mwili wa mtoto mwenyewe. Swali hilo likaleta stori Nairobi.

Kwenye hospitali kuu ya Nairobi, ile tunaita Kenyatta, kulikuwa na daktari wa masikio, pua na koo anaitwa Peter Clifford. Alikuwa anatibu watoto wenye limfoma hii, wengi kutoka upande wa ziwa na pwani. Alishikana na George na Eva Klein wa Karolinska, Stockholm, akawa anawatumia damu na vipande vya uvimbe. Mwaka wa 1966 wakachapisha pamoja kwamba wagonjwa walikuwa na kingamwili zinazoshikamana na ngozi ya seli za saratani yao. Kwa Kiswahili cha mtaa: mwili ulikuwa umemtambua mwizi. Mwaka uliofuata Victor Anomah Ngu, daktari kutoka Cameroon aliyekuwa Ibadan, akaripoti kwamba amechukua maji ya damu ya mgonjwa wakati uvimbe umerudi nyuma, akamrudishia mgonjwa huyohuyo ulipoanza tena, na ukapungua. Leo matibabu ya saratani kwa kutumia kinga yana mabilioni ya dola nyuma yake. Baadhi ya mizizi yake iko kwenye chupa zilizotoka Nairobi, Kampala na Ibadan.

Kuna sehemu hapa ambayo inanikwaza. Seli za baadhi ya hao watoto hazikufa. Zilikuzwa zikaendelea kugawanyika, na zinagawanyika hadi leo. Moja ilitoka kwa kijana Mkenya wa miaka 16, miaka ya 60. Jina lake la kwanza, jina la kawaida kabisa ambalo ungelipata darasa lolote Kenya, liliandikwa kwenye chupa, na sasa liko kwenye friji za maabara Tokyo, Boston, kila mahali. Dawa za kinga dhidi ya limfoma zinajaribiwa juu yake. Sioni popote kwamba mtu aliketi na familia akaeleza hayo yote. Enzi hizo hakuna aliyeuliza, wala kwa weupe wala kwa weusi. Wanasayansi wanalitamka hilo jina kila siku bila kujua ni la nani.

Sasa jeni. Mwaka wa 1972 mtu na mkewe waliofanya kazi na kundi la Klein, Manolov na Manolova, waliona kromosomu namba 14 kwenye hizi seli ina kipande cha ziada. Kufikia 1976 ikajulikana kipande kimetoka namba 8. Na 1982 ndio bomu likalipuka: kipande kilichohama kilikuwa na jeni inayoitwa MYC, na mahali kilipotua ni kando ya jeni za kutengeneza kingamwili.

Wacha niieleze kwa matatu. MYC ni pedali ya mafuta. Seli ya kawaida inaikanyaga kidogo ikitaka kugawanyika, halafu inaachilia. Seli B, ile askari inayotengeneza kingamwili, ina injini nyingine ambayo haizimwi hata kidogo, kwa sababu kazi yake ni kutoa kingamwili mchana na usiku. Sasa fundi mlevi amekata pedali akaichomelea kwenye hiyo injini. Matatu haisimami tena, hata stage ikipita.

Na kwa nini kukata kutokee hapo? Kwa sababu seli B ndizo seli mwilini zinazokata na kuunga jeni zao makusudi, ili kutengeneza kingamwili za kila aina. Ni kazi ya hatari, na mara chache inaungwa vibaya. Malaria isiyoisha inazifanya seli B zifanye hiyo kazi bila mapumziko. Wakati huohuo inachosha askari wengine, seli T, ambao ndio walikuwa wanachunga kirusi cha Epstein-Barr kisizidi. Kirusi chenyewe karibu kila mtu anacho, zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani, wewe ukiwemo, mtu wa Nyeri ukiwemo. Kinatulia tu. Kinachokosekana huku mlimani ni ule msukumo mwingine.

Burkitt alikuwa ameona kivuli cha hiyo mapema. Kwenye data ya Uganda, watu waliohamia tambarare kutoka milimani walikuwa wanaugua wakiwa wakubwa kuliko wenyeji. Kinga ambayo mtoto wa tambarare anaijenga akiwa mdogo, mtu wa mlima anaanza kuijenga ukubwani. Kati ya 1972 na 1974 watafiti walichukua damu ya watoto 42,000 West Nile, eneo la yule Williams wa gari, wakangoja kuona nani atapata limfoma. Waliougua walikuwa na kingamwili nyingi zaidi dhidi ya kirusi, tangu kabla. Siku hizi jenomu nzima ya uvimbe inasomwa, na sampuli nyingi zinatoka tena Uganda na magharibi mwa Kenya. Katika nchi tajiri karibu watoto 9 kati ya 10 wanapona. Huku bado ni wachache zaidi, na si kwa sababu dawa haijulikani. Mtoto anafika amechelewa, nauli imeisha, dozi ya tatu haipo kwa stoo. Yeyote aliyefanyiwa mchango wa saratani huku Mount Kenya, iwe ya koo au ya tumbo, anaijua hiyo hesabu.

Burkitt aliondoka Uganda 1966. Kile kituo cha limfoma kilichofunguliwa Mulago 1967 kikakua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na Charles Olweny akawa Mganda wa kwanza kukiongoza. Mwenyewe alirudi London, akaanza kuuliza wapi kwa vitu vingine. Mbona saratani ya utumbo na kisukari ni nyingi Uingereza na ni chache vijijini Afrika? Akatuma fomu tena, akauliza mahospitali tena, akapima hadi choo cha watu, sitanii. Jibu lake lilikuwa nyuzinyuzi kwenye chakula, na kitabu alichokiandika 1979 kiliuza sana. Si kila kitu alichosema hapo kilisimama, alizidisha kidogo. Lakini kama umemanga githeri leo ukiwa umeona ni chakula cha kusota, huyu jamaa angekupigia saluti. 1972 alichaguliwa kuingia Royal Society, na mwaka huohuo akawa kati ya waliopewa tuzo ya Lasker. Nobel hakupata. Alikufa Gloucester, Uingereza, tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82.

Laini yake kwenye mteremko bado iko, lakini haijakaa vile aliiacha. Yeye mwenyewe ndiye alisema ni ya joto, si ya mawe, na joto linapanda. Mwaka wa 2006 watafiti waliripoti kwamba mbu wa malaria, Anopheles arabiensis, amepatikana akizaana kwenye nyanda za juu za Mlima Kenya, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700.